Jibu la Pili

Kwetu mtu akiulizwa "Hujambo?" hujibu "Sijambo," hata kama yuko kitandani na dripu mkononi. Hilo ni jibu la kwanza, na maana yake si kwamba yeye ni mzima. Maana yake ni kwamba Mungu anashukuriwa kwa kila hali na kwamba wewe umelelewa. Ukweli huja baadaye, mgeni akishakaa, akishapewa kahawa na halua, akauliza tena kwa sauti ya chini: "Ehe, nambie, vipi hasa?" Hapo ndipo mgonjwa huutaja mgongo, au sukari, au usingizi uliomkimbia. Marehemu baba yangu, asubuhi ya siku aliyofariki, alimjibu jirani aliyekuja kumtazama hospitali: "Sijambo, alhamdulillah." Jirani alikuwa na haraka, hakukaa. Alasiri nilimwona miongoni mwa waliobeba jeneza, uso umemvimba kwa kulia, na nikamkasirikia bila ya sababu.

Naanza na hilo kwa kuwa mdogo wangu aliondoka na adabu hiyo hiyo hadi Australia, akaingia nayo katika mchezo ambao watu wanagongana vichwa kwa mshahara. Na kule hakuna aliyejua kuwa kuna kuuliza mara ya pili.

Tulikwenda Melbourne sote wanne, baba alipopelekwa na serikali kusoma udaktari wa elimu. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, najiona; yeye bado alikuwa anatolewa miiba ya samaki na mama. Alipotiwa skuli wakampa mpira wa umbo la papai na kumwambia akimbie. Basi. Hatukumpata tena. Akarudi kila siku na magoti yaliyochunika, kaptula ina matope, na anaongea kwa sauti kubwa kama aliyesahau kuwa nyumbani kuna watu. Akarefuka mpaka mama akawa anampima kwenye mlango kwa wasiwasi, badala ya furaha. Baba alipomaliza masomo na sisi kurudi Muscat, alilia wiki nzima ili aachwe kwa mama mdogo, aliyeolewa huko huko. Baba akakubali. Nadhani alichoka na kilio.

Alipomaliza skuli timu moja kubwa ikamchukua. Si kwa tarumbeta. Alichukuliwa katika kundi la wanaojifunza, wale ambao timu inawalisha huku ikiwatazama kama watafaa au watarudishwa kwao. Mchezo wenyewe nitaueleza kwa ufupi, maana nimeueleza mara nyingi sebuleni petu na sijawahi kueleweka. Uwanja ni wa duara refu. Kila upande una watu kumi na wanane. Mpira unadakwa, unapigwa teke, unapigwa ngumi, ila haurushwi kwa mkono. Aliye nao anakamatwa na kuangushwa chini. Kazi ya mdogo wangu, kwa urefu wake, ilikuwa kuruka: mwamuzi anaurusha mpira juu, na warefu wawili wanaparamiana hewani, goti kwa kifua, kiwiko kwa shingo, kila mmoja anataka kuupeleka kwa wenzake.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu kuliko alivyokuwa tayari kusema. Nilikuwa napata sauti alizojirekodi kwenye simu, ndefu, anahema, anatembea kuelekea kituo cha treni. Wenzake walikuwa wakioga pamoja wakiwa uchi wa mnyama, naye alikuwa anaoga na bukta, na kwa hilo tu walimcheka hadi msimu ukaisha. Mwezi wa Ramadhani alifunga na kukimbia, akaanguka mazoezini, kocha akamwambia achague. Akachagua kujificha: anafunga na kusema amekula. Walimpangia mechi za timu ya akiba, katika viwanja vya miji midogo, mvua, matope, watazamaji wachache na mbwa wao nyuma ya ukuta wa bati. Huko ndiko alikogongwa mara ya kwanza. Alinisimulia akicheka. Daktari wa timu alimuuliza tuko wapi, tunacheza na nani, akajibu. Akamuuliza, unajisikiaje? Akajibu vizuri. Daktari akampigapiga begani na kumrudisha uwanjani.

"Na hasa ulikuwa vipi?" nikamuuliza.

"Nilikuwa naona mipira miwili," akasema. "Nikaruka baina yao."

Tukacheka wote wawili. Nilicheka kweli, sitaki kujitia hekima ambayo sikuwa nayo.

Hapa Muscat, mtaa wa Wattaya, kwenye fleti yetu nyuma ya maduka ya magari, hakuna mtu aliyekuwa akijua. Mama alikataza. Mama si mshirikina, anasali na anasoma, lakini jicho analiogopa kuliko ugonjwa. Kijana mrefu, mzuri, anaonekana katika televisheni ya nchi nyengine: kwake yeye huko kulikuwa ni kumuanika mwanawe juani na kuwaita watu waje wamtazame. Kwa hiyo kila aliyeuliza aliambiwa anasoma.

"Anasomea nini, mashaallah?"

"Mambo ya mwili," mama akijibu, akisogeza sahani ya kaimati mbele ya mgeni ili mdomo upate kazi.

Wengine wakadhani udaktari. Shangazi mmoja akaanza kumtafutia mchumba mfamasia.

Mwaka wa pili mrefu wao mkubwa aliumia mguu, na mdogo wangu akapandishwa timu kubwa. Mechi zao za mchana zilitufikia sisi Jumamosi asubuhi, wakati wa chai. Naunganisha simu na televisheni, mama anatandika mkeka, analeta mandazi na mbaazi za nazi, anavuta pazia ili majirani wa ng'ambo wasione. Hakuwahi kujifunza mchezo ule. Hakutaka. Alikuwa na swali moja tu, na aliliuliza kila mdogo wangu alipoanguka, hata akiwa jikoni anasikia tu kelele za mtangazaji.

"Kainuka?"

"Kainuka, mama."

"Alhamdulillah." Kisha anarudi kwenye mbaazi.

Mechi ya kwanza aliinuka. Ya pili aliinuka, tena akacheza vizuri hata wakalitaja jina letu la ukoo kwa matamshi ya ajabu, na mama akasoma na kupuliza kwenye kioo cha televisheni, kioo kikaingia mate. Ya tatu alirudi kinyumenyume macho yakiwa kwenye mpira, mtu wa upande wa pili akaja kwa kasi, na nyonga yake ikamkuta sikioni. Sikusikia kitu, sauti ya televisheni ilikuwa ndogo. Nilimwona tu anaanguka chali, na mkono wake wa kulia ukasimama. Ulisimama wima hewani, mgumu, vidole vimejikunja isipokuwa kimoja.

Mama alikuwa amekaa karibu yangu. Hakuuliza kama ameinuka.

"Anashahadia," akasema. "Mwanangu anashahadia."

Akainuka, kikombe kikamwagika, akaanza kusema La ilaha illallah kwa sauti, amsaidie, kama tulivyomsaidia baba alipokata roho. Alikuwa anamuagiza mtoto wake kalima kupitia televisheni. Mimi nilikuwa najua kuwa mkono ule ni ubongo uliogongwa, mwili hujikaza hivyo wenyewe, nilikwishaona kwa wachezaji wengine. Nilimwambia. Nilimshika mabega nikamwambia mama si hivyo, hafi, huo ni mshtuko tu. Hakunisikia. Mpaka leo, mimi mwenyewe nikiufikiria mkono ule siuoni kitabibu. Nauona alivyouona mama.

Walimtoa kwa machela. Baada ya muda wa kutosha kuua mtu, simu ikalia.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, mama. Alhamdulillah. Nyinyi hamjambo?"

Sauti ilikuwa yake, nzito kidogo. Mama akakaa chini papo hapo sakafuni, akashukuru, akalia, na hakuuliza tena. Alikuwa amekwishapewa jibu, na alilihitaji mno hata asiweze kulitilia shaka.

Msimu ulipokwisha timu ikampa ruhusa aje nyumbani apumzike, kisha jopo la madaktari wasiokuwa wa timu lingezungumza naye kwa video na kuamua kama ataendelea kucheza. Mkataba wake ulikuwa unangojea neno lao. Alishuka uwanja wa ndege na miwani ya jua, saa mbili usiku. Nikamtania, "Eh, nyota wa sinema." Akanitania naye, "Vipi, bibi kizee?" maana hajawahi kuniamkia shikamoo tangu azaliwe, hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu. Nikadhani yuko sawasawa.

Siku ya tatu alitia chumvi kwenye chai, akainywa yote. Alikuwa akiziba masikio inapoadhiniwa, yeye ambaye utotoni alikuwa akiadhini bafuni kwa kujifaragua. Alivuta mapazia mchana na kulala ameufunika uso kwa kanga ya mama. Nilimpeleka Yiti, njia anayoipenda, ile inayopinda majabalini, na kabla ya kuiona bahari akaniambia nisimamishe gari. Akatapika kando ya barabara, akajifuta, akasema ni samaki wa jana. Hatukula samaki jana. Jioni moja alitaka twende ufukweni Bustan na mpira wake. Akaniweka mbali, akauachia mpira uanguke ili aupige, kama alivyofanya mara elfu, na mguu wake ukapita mtupu. Mpira ukadunda pale pale karibu yake. Akautazama mguu wake kama anautazama wa mtu mwengine. Akajaribu tena, akaupiga, ukaja kwangu mzuri, unazunguka, nami nikapiga makofi kama mwehu kwa kuwa nilikuwa nimeingiwa na hofu.

Na wageni walikuwa wakija. Kwa vile alikuwa amefika, ilibidi waje. Anavaa dishdasha iliyopigwa pasi, anavua miwani, anakaa wima chini ya taa za sebule, na mishipa ya kipaji cha uso imemsimama.

"Hujambo, daktari?"

"Sijambo, ami, alhamdulillah."

"Masomo?"

"Yanakwenda, alhamdulillah."

Wakishaondoka anakwenda chooni, na mama anafungulia bomba la jikoni hadi mwisho. Nilidhani anafanya hivyo ili asisikie. Siku ile ya jopo ndipo nilipojua kuwa alikuwa akisikia kila kitu.

Asubuhi ya mazungumzo alijitayarisha kama mtu wa harusi. Akayafungua mapazia yote ili aonekane hana tatizo na mwanga. Miwani akaificha kwenye droo. Kwa siku nzima kabla yake alikuwa akijizoeza: miezi ya mwaka kutoka mwisho kuja mwanzo, namba kinyume, maneno matano ya kukumbuka. Alinifanya nimuulize hadi akanichosha. Alikuwa na miaka ishirini na moja na hakuwa na kitu kingine chochote alichokitaka duniani. Aliniambia hivyo hivyo, bila ya kuona haya: "Dada, mie sijui kuwa mtu mwengine."

Madaktari walikuwa watatu, wawili wanaume na mwanamke mwenye mvi ambaye ndiye aliyeongoza. Walikuwa na upole, lazima niseme. Walimuuliza miezi, akaisema. Maneno matano, akayasema. Unajisikiaje? Vizuri. Kichwa? Hakuna. Usingizi? Mzuri sana. Nilikuwa nimekaa pembeni yake, na chini ya meza goti lake lilikuwa linapiga goti langu. Kisha yule mwanamke akasema wangependa kumsikia mtu anayeishi naye. Kama mama yupo. Na kama mimi nitaweza kufasiri, kwani mama Kiingereza chake ni cha sokoni.

Mama akaja kutoka jikoni na buibui lake la kutokea, amejifukiza udi, kama wale madaktari wangemnusa. Akakaa. Wakamuuliza, nikafasiri: "Wanauliza, wewe mama unamwonaje mwanao?"

"Waambie hajambo," mama akasema. "Alhamdulillah."

Nikawaambia. Goti la mdogo wangu likatulia. Yule daktari akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaandika, akaanza kutushukuru kwa muda wetu. Mama akautazama ule mkono unaoandika. Akaivuta shela yake mbele, akairudisha nyuma.

"Ngoja," akasema. "Mbona anaandika?"

"Ndiyo jibu lako, mama."

"Hilo la kwanza. Mwambie aniulize tena."

Sikujua niseme vipi. Nikamwambia daktari kwamba mama yangu anaomba aulizwe tena lile lile swali. Akashangaa, lakini akaliuliza, taratibu zaidi, akimtazama mama na si mimi.

Mama akasema. Hakulia. Alisema kwa Kiswahili chake cha Ng'ambo alikozaliwa, haraka, mikono miwili mapajani. "Anatapika. Kila siku anatapika, nami nafungulia maji wageni wasimsikie, maana atafedheheka. Anatia chumvi kwenye chai. Anaziba masikio akisikia adhana kama anapigwa. Juzi kaniuliza baba yuko wapi. Nkamwambia yuko kazini, n'taka nimwambie nini? Saa nzima hajakumbuka. Alipokumbuka kajifungia chumbani. Mtoto wangu haoni vizuri, haendi vizuri, na mie nnamwona anakwisha. Waambie hivyo."

Habari ya baba sikuwa nikiijua. Nikageuka kumtazama mdogo wangu. Hakuwa akimtazama mama. Alikuwa ananitazama mimi.

"Dada," akasema, kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida kabisa ili wale wasishtuke. Alikuwa hata anatabasamu kidogo kwa ajili yao. "Usiseme. Waambie kasema anaogopa tu, kama mama yoyote. Nakuomba. Sitokuomba kitu tena."

Madaktari watatu walikuwa wanangoja. Hakuna hata mmoja pale aliyeweza kujua nitakachoficha. Mama alikuwa amekwisha kusema kwake, ametua mzigo, anaipanga shela. Na mimi kwa muda ule, mfupi, nilitamani kuwa bubu, nilimchukia mama kwa kunitwika mzigo ule mie, na nilimpenda mno yule kijana. Kisha nikauona tena ule mkono uliosimama.

Nikafasiri. Nilifasiri yote, chumvi, adhana, bomba la maji, baba. Sikupunguza. Nilipofika kwa baba sauti ilinikatika, nikaanza sentensi ile upya ili wasije wakasema hawakusikia. Kabla sijamaliza mdogo wangu aliinuka, akaenda kwenye droo, akatoa miwani, akaivaa, akaondoka chumbani. Yule mwanamke mwenye mvi akafunga kalamu yake.

Neno lao lilikuja baada ya siku chache. Hatocheza tena. Si msimu ule, si mwengine, si popote. Timu ikaandika maneno mazuri, ikamtumia jezi yake ndani ya fremu. Mama akaitia nyuma ya kabati, si kwa kuiogopea jicho, safari hii hapakuwa na kitu cha kukitolea jicho.

Sasa anafanya kazi Wattaya hapo hapo, katika duka la magari la mume wa binamu yetu. Kuta ni vioo, taa zinawaka hata mchana, naye anasimama baina ya magari meupe na miwani yake myeusi. Wateja wanadhani anajiona. Siku anazoumwa sana anakaa ndani ya gari mojawapo, vioo vimepandishwa, na mwenye duka anawaambia watu gari hilo limeshauzwa. Mdogo wangu amemsamehe mama. Alimsamehe wiki ile ile. Nilimkuta amelala kichwa chake mapajani mwa mama, mama anamsomea. Mama ni mama. Lakini kile Kiingereza kilitoka mdomoni mwangu.

Hanitukani, hajanigombeza hata siku moja. Ananiamkia. Kila asubuhi, tukikutana ukumbini, mimi nakwenda wizarani na yeye dukani, anasimama, anavua miwani kwa heshima, na mwanga unamuuma, nauona unavyomuuma.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo, alhamdulillah."

Nasubiri. Nauliza tena, kwa sauti ya chini, kama tulivyofundishwa: nambie, vipi hasa? Na yeye, kwa adabu ile ile, anajibu kwamba hajambo, anashukuru, hana la kulalamika, na ananiombea siku njema.

Juzi nilikuwa nimelia. Nilitoka bafuni macho mekundu na nikamkuta ukumbini, funguo mkononi. Akavua miwani. Akanitazama zaidi ya kawaida yake.

"Dada, hujambo?"

"Sijambo," nikasema.

Akasita mlangoni. Nilijua analitaka neno, na mimi nilikuwa nalo, lilikuwa limenifika hapa kooni, ningeulizwa mara ya pili tu ningelisema lote. Akavaa miwani yake, akatoka kwenda kazini.